Rangi ya injini inaungua: makopo mawili, na ukanda wa vidole viwili

Habari zenu, wapenzi wa magari ya kizamani. Leo boneti iko wazi. Ngoja nisogeze kamera.

Mnaona? Bloku yote, yaani mwili wa injini, bado ni ya chungwa, inang'aa. Sasa fuateni kidole changu mpaka manifoldi ya ekzosi, chuma kinachokusanya moshi wa silinda, inapokutana na silinda hedi, kifuniko cha juu ya silinda. Ukanda huu, upana wa vidole viwili tu, uligeuka kahawia, ukababuka, na kutu imeshachungulia. Hii ni V8 ndogo, injini ya silinda nane, ya Chevrolet, ukoo wa ile iliyoanza 1955, na matundu yake mawili ya moshi ya katikati yamekaa bega kwa bega. Rangi hufia hapo kwanza.

Makopo ninayo mawili. Hili ni rangi ya kawaida ya injini, ya kupuliza, limeandikwa nyuzi 260 za Selsiasi. Kwa bloku inatosha na kubaki, maana maji ya injini yenye afya hucheza kati ya 80 na 100 hivi. Manifoldi, lakini, gari likipandisha mlima na mzigo, hupita 400 bila taabu. Kopo la pili ni rangi ya ekzosi, limeandikwa 650. Kuna watu hupaka hilo injini nzima kwa kuona namba kubwa. Mimi silipendi kwa kazi hiyo: halina mng'ao, rangi zake chache, na kabla halijaivishwa kwa moto ni laini mno. Tazama, nagusa kwa kitambaa chenye petroli kidogo... imetoka na kitambaa.

Kwa hiyo kopo la kwanza nimepaka injini, la pili nimepaka ule ukanda peke yake. Manifoldi nilizifungua. Kupuliza zikiwa zimefungwa ni kujidanganya. Nikasugua kwa brashi ya waya mpaka chuma kikaonekana, nikafuta kwa tina, kile kiyeyusha rangi, nikarudia mpaka kitambaa kitoke safi. Grisi kidogo tu iliyobaki inatosha kuibandua rangi yote juu yake. Gasketi ya zamani, ile pedi ya kuziba kati ya manifoldi na hedi, nikaitumia kama kiolezo cha kufunikia, kwa sababu pale inapokaa gasketi hapapakwi rangi: itaungua chini yake, na moshi utapata njia. Halafu nikapuliza mara tatu, nyembamba nyembamba. Ukipuliza nene, tina hunaswa chini, injini ikipata moto inafumuka, unapata malengelenge.

Kuiva: pasha, acha ipoe kabisa, pasha zaidi, poza tena. Kopo lako lina maelezo yake, yafuate hayo.

Sasa nikae kidogo kwenye hili. Injini yangu ya kwanza niliyoisuka upya niliipaka vizuri kabisa, na rangi ikaungua siku ileile. Nililaumu kopo. Kumbe kemshafti mpya ya tapeti bapa, ule mhimili unaofungua valvu, huzoeshwa kwanza kwa kuendesha injini kwenye mizunguko kama 2000 kwa dakika 20 hivi, na mimi taimingi ya moto nilikuwa nimeichelewesha. Plagi ikiwasha kwa kuchelewa, petroli huendelea kuungua ikielekea nje, na joto lote linaishia kwenye ekzosi. Manifoldi zilikuwa nyekundu kama mkaa! Mchanganyiko wenye petroli kidogo kupita kiasi nao huzidisha joto hilo. Hakuna kopo litakalokuokoa hapo. Weka taimingi kabla ya kugusa swichi, elekeza feni pembeni ya injini, na kama una manifoldi za zamani, funga hizo kwenye injini kwa zile dakika 20.

Na zile bendeji za kuviringisha ekzosi? Joto zinapunguza, sibishi. Ila hunywa maji na kuyashika, na chuma cha kizamani kinaoza ndani kimyakimya. Kwangu hapana.

Haya, upande wa kushoto ndio huu, baada ya miezi kadhaa ya kuendesha. Ukanda umetulia, umepauka kidogo tu. Isipokuwa hapa, kwenye silinda ya 5: alama ya kahawia, saizi ya ukucha. Boliti ya manifoldi ililegea, moshi ukapuliza humo. Boliti nimeshaikaza. Alama ndiyo haitoki.