Shimba Hills na Kaya Kinondo kwa siku moja: msitu safi, waliotupeleka ndio shida

Mnaoniuliza kama ile trip ya Shimba Hills na Kaya Kinondo kule Kwale yafaa, yafaa tena sana, ila si lazima muende na kampuni ya utalii kama tulivyoenda sisi na msilundike sehemu mbili siku moja, mtachoka bure.

Asubuhi ilikuwa Shimba Hills, ile hifadhi ya wanyama. Njia ya kwenda maporomoko ya Sheldrick yaanzia juu pale Elephant Hill, ni kama kilomita mbili za kushuka, renja wa KWS, wale wa huduma ya wanyamapori, yuko mbele na bunduki yake kwa sababu hapo ndovu wapo kikweli, mavi yao tuliyakuta njiani bado mabichi. Mwanzo ni nyasi na jua la kukuchoma utosi, halafu waingia kwenye miti na hewa yabadilika papo hapo. Maporomoko ni mita 21 hivi, zile picha za Insta zayafanya makubwa kuliko yalivyo, lakini chini kuna kidimbwi cha kuogelea na maji ni baridi mpaka watu wazima walikuwa wapiga mayowe. Kushuka mwacheka tu, kazi ni kupanda. Mwenye magoti mabovu ajifikirie, na vaeni raba zenye meno jamani, kuna dada alikuja na ndara za shanga akarudi amezishika mkononi.

Shimba ndio pahali pekee Kenya utapata palahala, yule swala mweusi wa pembe ndefu zilizopinda nyuma. Sisi hatukumuona hata mkia maana dereva alikuwa na haraka ya Kinondo. Haraka yenyewe waliitengeneza wao! Gari lilikuwa lije saa kumi na mbili, likaja saa mbili kasoro, kuuliza twaambiwa foleni ya feri, na njia tuliyopita ni Dongo Kundu, ambayo haipiti kwa feri kabisa. Na ile "lunch ya Kiswahili" waliyoandika kwa tangazo lao ilikuwa viazi karai vya baridi na soda. Viazi karai vya baridi, kwa watu wa Mombasa!

Sasa Kaya Kinondo, hapa ndio nilifurahi. Kaya ni msitu mtakatifu wa Mijikenda, uliokuwa na kijiji chao ndani. Msitu wenyewe mdogo, kama hekta 30, na ng'ambo ni Diani na mahoteli yake, lakini ndani miti imezeeka imesukana na mizizi imekumbatia matumbawe. Kabla muingie mwafungwa kaniki kiunoni, kofia mwavua, hakuna kubusiana na hutoki na kitu hata jani. Mwongozaji ni mtu wa hapo kijijini, kila mti akiutaja kwa Kidigo na ugonjwa unaotibiwa nao. Zamani watu waliishi humu ndani, msitu ndio ukuta wao na njia za kuingilia ni chache, baadaye wakatoka pole pole wakaenda kukaa karibu na mashamba, kufikia miaka ya 1940 makaya ya Mijikenda yalikuwa yameshahamwa. Usitegemee kuona nyumba basi, nyumba hamna, ila ile miiko ya wazee ndio imefanya msitu uwepo mpaka UNESCO ikaja kuuorodhesha kama urithi wa dunia 2008 pamoja na makaya mengine.

Kuna mti mkubwa waambiwa uukumbatie uuachie stress zako. Mimi nikasema haya mambo ya watalii, na yule jamaa yetu mbishi kuliko wote ndiye aliyeganda pale mpaka tukamuita mara mbili.

Nikienda tena naenda na gari letu, Shimba siku yake na Kinondo siku yake. Malipo ya Shimba fanyeni kwa eCitizen, ule mtandao wa serikali, mkiwa bado nyumbani, msingoje geti, na kama mvua imenyesha ile barabara ya murram ya ndani msiijaribu na gari dogo kama Vitz.

Shimba naipa nyota nne kati ya tano, Kaya tano, kampuni moja na hiyo moja ni ya AC.