Bima ya skii niliyoikata mara mbili

Nianze na alama kabisa, ili mwenye haraka asome aondoke: nyota tatu na nusu kati ya tano. Ninayoipa nyota hizo ni bima ya safari yenye nyongeza ya michezo ya theluji, niliyoikata kwa ajili yangu na mdogo wangu wa kike tulipokwenda Austria kwa siku tisa. Jina la kampuni silitaji. Mengi niliyojifunza utayakuta karibu kwenye kila hati ya namna hii, na makosa mawili makubwa katika kisa hiki yalikuwa yangu mwenyewe.

Tuligawana kazi. Siku tatu za Vienna nilizipanga mimi, siku sita za Innsbruck akazipanga yeye, kwa kuwa ndiye mwenye wazimu wa skii, yaani kuteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu za miguuni. Mimi theluji naipenda nikiwa upande wa pili wa dirisha.

Ya Vienna hayana maneno mengi. Tulinunua kadi ya jiji, zile unazolipia mara moja zikakufungulia milango ya vivutio kadhaa. Kabla ya kulipa nilichukua karatasi nikaandika tunavyotaka kuviona kweli, siyo vilivyomo kwenye orodha yao. Vikawa vitano: kasri la Schönbrunn, jumba la makumbusho la Kunsthistorisches kwa ajili ya Mnara wa Babeli aliouchora Bruegel mwaka 1563, kasri la Belvedere liliko picha ya Klimt ya wapendanao wawili, mnara wa kusini wa kanisa la Mtakatifu Stefano, na gurudumu kubwa la bustani ya Prater lililojengwa 1897. Kadi ziko za aina mbili, ya kuhesabu saa na ya kuhesabu vivutio. Ya saa inakufanya ukimbie mji kama mtu aliyekosa basi. Tukachukua ya idadi, na hesabu ilitoka kwa faida ndogo. Jambo moja tu: kadi inakulipia mlango, haikupangii saa. Schönbrunn wanaingiza watu kwa saa maalumu, kwa hiyo ukifika na kadi yako mkononi bila kuweka nafasi, utasimama pembeni ukiwatazama waliojiandaa wakipita. Tulisimama. Na ule mnara wa Mtakatifu Stefano una ngazi 343 nyembamba zinazozunguka. Mdogo wangu zilimpasha misuli, mimi zilinipa sababu ya kulala mapema.

Sasa bima.

Mara ya kwanza niliikata kwa sababu ya viza. Anayeomba viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, Austria ikiwemo, lazima aonyeshe bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, inayogharamia dharura, hospitali na kurudishwa nyumbani. Nikatafuta ya bei ya chini kabisa iliyotimiza kiwango hicho, nikalipa, nikachapisha cheti, viza ikatoka. Nikajiona mjanja. Wiki mbili kabla ya safari mdogo wangu, ambaye husoma hata maandishi ya nyuma ya tiketi, akanitumia picha ya ukurasa wa kumi na moja wa hati ile. Alikuwa ameuzungushia wino mstari mmoja: bima haitalipa madhara yatokanayo na michezo ya hatari, *ikiwemo skii ya aina yoyote*. Chini yake aliandika, "Kaka, hapa tumekata bima ya kwenda kukaa hotelini."

Kweli. Cheti kilichoturidhishia ubalozi kisingelipa hata bandeji mlimani. Na kampuni ile haikuwa na nyongeza ya theluji, kwa hiyo ikabidi nitafute nyingine na kulipa upya. Kosa la kwanza hilo. Lilikuja na hasara ya pili niliyoigundua baadaye: kipengele cha kughairi safari huanza kufanya kazi siku unapokata bima, wakati vipengele vingine huanza siku ya kuondoka. Tangu tulipolipia hoteli na treni hadi nilipokata bima ya pili, miezi miwili ilikuwa imepita. Mmoja wetu angeugua katikati, fedha zote zingekwenda na maji. Ikate siku ileile unapolipa kitu cha kwanza kisichorudishwa.

Bima ya pili niliisoma kwa kalamu. Ilikuwa na mambo niliyoyapenda: matibabu, uokoaji wa mlimani pamoja na helikopta, vifaa vya kukodi, siku za tiketi ya lifti (zile zinazokupandisha mlimani) zilizopotea kwa sababu ya ajali, na dhima kwa mtu mwingine, yaani ukimgonga mwenzako ukamvunja mkono, wao ndio wanaomlipa. Hiyo ya mwisho watu huiruka, wakati Italia, kwa mfano, tangu Januari 2022 hairuhusiwi kuteremka kwenye njia zake za skii bila kuwa nayo. Na helikopta siyo pambo la kwenye karatasi. Austria ukianguka ukiwa kwenye michezo ya starehe na ikaja kukuchukua, ankara ni yako, na inahesabiwa kwa maelfu ya euro.

Siku ya kwanza ya mlimani haikuwa siku. Innsbruck iko kwenye bonde, na kuna upepo wa joto kutoka kusini wanaouita Föhn ambao ukiamua kuvuma, lifti za juu zinasimamishwa. Ulivuma. Mdogo wangu alikaa amevaa buti zake hadi saa sita mchana akiutazama mlima kana kwamba umemkosea adabu. Mimi nikakumbuka kipengele cha kufungwa kwa njia, nikapiga simu nikiwa na furaha kidogo, maana kilisema kinalipa kwa kila siku. Dada aliyepokea alikuwa mpole sana. Akaniuliza kama lifti *zote* zilikuwa zimefungwa siku nzima. Nikachungulia dirishani. Ile ndogo ya watoto chini kabisa ilikuwa inazunguka taratibu, na watoto watatu juu yake. Hapo ndipo nilipoelewa neno "zote".

Siku ya pili ilikuwa ya jua kali, theluji imeganda usiku na ikaanza kulainika kufikia saa nne. Tulikuwa Patscherkofel, mlima ambao Franz Klammer alishinda mbio za kuteremka kwenye Olimpiki ya 1976. Najua kwa sababu nilielezwa mara nne ndani ya treni. Mimi nilikuwa kwenye njia ya bluu, ya wanaoanza, nimekunja magoti kama mtu anayetafuta choo gizani. Yeye alikuwa amehamia nyekundu, iliyo ngumu zaidi.

Sikumwona akianguka. Nilimwona tayari amekaa, mguu mmoja umenyooka, skii ya mguu ule bado imefungwa kwenye buti na imegeukia kule kusikotakiwa. Mwanamume aliyekuwa akitoka nyuma yake alikuwa amempita karibu mno, akamgusa bega. Alisimama, akavua skii zake, akazichomeka kwenye theluji upande wa juu yake kwa umbo la msalaba ili wanaoteremka waone, akapiga simu kwa waokoaji, akakaa naye mpaka walipofika. Muungwana. Akaomba radhi mara nyingi, nikamwambia haina shida, akaondoka.

Kosa la pili hilo. Shirikisho la kimataifa la skii lina kanuni kumi za mwenendo. Ya tatu inasema anayetoka nyuma ndiye mwenye wajibu wa kuchagua njia isiyomhatarisha aliye mbele. Ya kumi inasema kila aliyehusika katika ajali, hata shahidi, aache jina na anwani. Swali la tatu kwenye fomu ya bima lilikuwa: jina la mhusika mwingine ni nani? Niliandika "hajulikani", na nilijisikia mjinga nikiiandika.

Waokoaji walimshusha kwa sleji, kile kitanda cha kukokotwa juu ya theluji, wamemfunga kama mkeka. Lakini hata kabla hawajaondoka, mmoja wao alifanya kitu kilichokuja kutuokoa: alijaza karatasi. Saa ya ajali, namba ya njia, hali ya theluji, kwamba alikuwa ndani ya njia iliyotengwa, kwamba alivaa helmeti. Nakala akaniwekea mfukoni mwa koti. Wakati ule niliiona kama usumbufu. Wiki tatu baadaye ndiyo karatasi pekee iliyosomwa kila nilipopiga simu, kwa sababu hati yetu haikulipa ajali ya nje ya njia bila mwongozaji, na wao walitaka uthibitisho wa mtu asiye ndugu yangu.

Zahanati ilikuwa safi na ya haraka. Kabla hajaingia kwenye MRI, kipimo cha kupiga picha za ndani ya mwili, nilipiga namba ya dharura ya bima, ile ya saa ishirini na nne, na hapa nawapa sifa zao zote: ilipokelewa mlio wa pili, wakachukua namba ya hati, na ndani ya kama dakika arobaini walikuwa wameituma barua ya kudhamini malipo moja kwa moja zahanatini. Sikutoa fedha ya matibabu mfukoni. Kwenye hati iliandikwa kwamba kulazwa au kipimo kikubwa bila kuwajulisha kwanza kunaweza kupunguza fidia. Namba hiyo usiiache ndani ya simu peke yake. Baridi inaua betri. Mimi nilikuwa nimeiandika kwenye karatasi nyuma ya tiketi ya lifti.

Majibu: kano la upande wa ndani wa goti limechanika nusu. Hakuna upasuaji, mkanda wa goti, magongo, wiki kadhaa. Daktari alieleza kwamba buti ngumu za skii zinakilinda kifundo cha mguu, kwa hiyo nguvu ya kupinda hupanda na kuishia gotini, na ndiyo maana kifungio kinachoshika buti kwenye skii kimetengenezwa kiachie chenyewe. Kwa nini hakikuachia? Kinakazwa kwa kufuata uzito, urefu, umri, ukubwa wa buti na kiwango cha ujuzi unachojitajia. Mdogo wangu alitazama dari. Dukani alikokodi alikuwa amejiandika "mzoefu", baada ya likizo mbili. Ukijipandisha cheo, kifungio kinakazwa zaidi. Hilo bima haikuliuliza, na sisi hatukulisema.

Madai yalichukua wiki saba. Wiki nne za kwanza nilipigwa danadana: tuma cheti cha daktari, tumekipokea, hatujakipokea, kitafsiriwe kutoka Kijerumani, nani atalipia tafsiri, ni wewe. Kila nilipopiga simu nilipata mtu mpya aliyetaka nianze tangu mwanzo. Kuanzia wiki ya tano niliacha simu, nikaandika barua pepe moja yenye kila kitu kwa mpangilio: karatasi ya mwokoaji, cheti, risiti ya sleji, mkataba wa kukodi skii, tiketi ya lifti ikiwa na tarehe. Baada ya hapo mambo yalisogea. Ningeanza hivyo.

Walicholipa: zahanati yote, sleji yote, siku nne za tiketi ya lifti ya mdogo wangu na siku nne za vifaa vyake. Walichokata: kile kiasi cha mwanzo ambacho mwenye bima hujibebea mwenyewe. Kilikatwa *mara mbili*, kwa sababu hati ilisema ni kwa kila mtu kwa kila kipengele, na matibabu na tiketi ni vipengele viwili. Fidia ya tiketi na vifaa ilikaribia kumezwa yote na makato hayo. Unapolinganisha bima mbili, ile yenye malipo ya chini mara nyingi ndiyo yenye kiasi kikubwa cha kujibebea, na kwenye madai madogo madogo unaweza usipate kitu.

Kilichonifanya nipunguze ile nusu nyota ni tiketi yangu mimi. Siku nne hizo sikupanda mlimani. Nilikaa naye, nikimbebea mkoba, nikimsukumia kiti tulipopanda lifti ya milima ya Nordkette hadi kituo cha Seegrube, mita 1,905 juu ya usawa wa bahari, ili angalau aione theluji. Tiketi yangu ya skii ilikuwa imelipiwa na haikutumika. Niliidai. Jibu lilikuja sentensi moja, la adabu, kwamba kipengele kinamhusu aliyeumia, na mimi kwa mujibu wa cheti cha daktari nilikuwa mzima.

Mdogo wangu alilisoma akacheka sana, huku goti limeegeshwa juu ya mto. Akaniambia niitunze tiketi ile, maana kwa ninavyoteleza, hata ningepanda nisingeitumia.