Kibanda cha Yaka jirani na duka langu la kunyoa: nyota tatu kati ya tano

Mimi ni kinyozi hapa Busia, upande huu wa Uganda. Yaka ya duka, yaani umeme wa kulipia kabla, huwa nainunua kwa mama mmoja mwenye kibanda hatua chache kutoka kwangu, anayeuza pia vocha na kutoa pesa za simu. Anafungua alfajiri, na mwenye 5,000 anamhudumia sawa na mwenye 50,000. Kwa hilo namsifu.

Lakini Jumamosi iliyopita uniti ziliniishia nikiwa nimemaliza nusu ya kichwa cha mteja, dereva wa lori kutoka Kenya. Nikamtuma kijana na shilingi 20,000. Akarudi na tarakimu 20 za tokeni, nikabonyeza nne nne mpaka mwisho, mita ikakataa. Nikarudia, ikakataa. Kumbe mama ana daftari la namba za mita za wateja wake, na alisoma mstari wa chini ya wangu, wa jirani. Jina la mwenye mita hutokea kwenye simu kabla hujalipa! Hakulitazama.

Dereva, taulo kichwani, akaanza siasa. "Si mmeurudisha umeme kwa serikali? Mbona giza?" Ni kweli, mkataba wa miaka 20 wa kampuni binafsi iitwayo Umeme uliisha 31 Machi 2025, na kesho yake UEDCL, kampuni ya serikali, ikachukua nyaya. Nikamwambia: bwana, hili giza ni la daftari. Na kwenu je, serikali si ina zaidi ya nusu ya hisa za Kenya Power, na tokeni hamnunui? Akacheka, akashika upande ambao haujanyolewa.

Mimi mabadiliko nayapima kwenye risiti. Nyumbani uniti 15 za kwanza za mwezi nimezinunua kwa 250 kila moja chini ya kampuni binafsi, na mita ni ileile iliyofungwa wakati huo. Dukani hiyo huruma haipo, bei ni ya biashara tangu uniti ya kwanza. Ndiyo maana 20,000 kwenda kwa jirani inauma.

Mama hakubisha. Alininunulia ya 10,000 palepale kwa pesa yake, akasema, "Fundi, nyingine Jumatatu," na Jumatatu akaleta. Siku hizi namba yangu ameiandika kwa kalamu nyekundu.

Yule dereva alilipa nusu. Nikapokea.