Doki Doki Literature Club: ni bure, ila jipange kisaikolojia

Ukipita Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, ukaona wasichana wanne wa katuni, sketi za shule, rangi za pinki kila kona na kamuziki ka kubembeleza, tafadhali usimwekee mdogo wako. Hii ni gemu ya kutisha, na wenyewe wameweka onyo mwanzoni kabisa kwamba haifai watoto, ila nani anasomaga yale mambo, watu tunabofya nakubali tunaendelea.

Imetoka 2017, imetengenezwa na Team Salvato ya Marekani, na toleo la kwanza mpaka leo ni bure. Kwa sisi wenye kompyuta za kizee hii ni neema aisee, haihitaji mashine kali, kazi yako ni kusoma na kubofya basi. Ila kusoma kupo kwingi, kama Kiingereza cha kusoma kinakuchosha utaishia njiani.

Wewe ni mwanafunzi wa sekondari, jirani yako Sayori anakuvuta ujiunge na klabu ya fasihi, unamkuta Natsuki mwenye hasira za karibu, Yuri mpole wa vitabu vizito, na Monika kiongozi wao. Kila siku unaandika shairi kwa kuchagua maneno 20, na pembeni kuna vikatuni vya wasichana, ukigusa neno analolipenda mmoja anaruka kwa furaha. Vikatuni viko vitatu, cha Monika hakipo. We endelea tu kucheza.

Masaa ya mwanzo utapiga miayo, sikufichi, maana ni stori za keki na nani anampenda nani, lakini usizirushe kwa sababu ndo zinakufanya uwazoee halafu inakuja asubuhi ya tamasha la shule. Simwagi ubuyu. Niseme tu kuna mambo ya kujidhuru na kujitoa uhai na yanaonyeshwa wazi, kama hayo yamekugusa wewe au mtu wako wa karibu achana nayo kabisa. Hata mimi naona kwa Yuri walizidisha, damu nyingi kuliko stori ilivyohitaji.

Kilichonikamata mimi ni mafaili. Unataka urudi nyuma urekebishe, unakuta sevu zako zote, zile sehemu ulizohifadhi, hazipo, kwenye menyu picha ya mtu imevurugika, ukifungua folda la gemu kwenye kompyuta yako kuna folda jingine ndani lina faili la kila msichana na gemu inafuta na kuongeza vitu humo yenyewe, na kuna mahali hutoki mpaka uingie humo kwa mkono wako. Halafu msichana mmoja anakuita kwa jina la akaunti yako ya kompyuta, sio lile uliloandika kwenye gemu, yaani mwili ulinisisimka nikageuka kuangalia mlango.

Ndo maana nasema anza na hii ya bure. Lile toleo la kulipia, Plus, lililotoka 2021, lina picha safi zaidi na hadithi mpya za pembeni, ila mafaili yake yako kwenye kompyuta ya kuigiza iliyo ndani ya gemu, na ukishajua hivyo uoga unapungua nusu. Nitalinunua likishuka bei, tena kwa ajili ya zile hadithi tu.