Usiku mmoja juu ya maji ya Alappuzha: uzoefu wangu, na wa mama

Nianze na hesabu, maana ndiyo watu huiulizia mwanzo. Usiku mmoja kwenye nyumba ya boti Alappuzha, Kerala, chumba kimoja na chakula ndani yake, tulilipa rupia 9,500. Siku ya pili yake tukapanda boti ya serikali, tukazunguka saa mbili na nusu kwenye maji ya namna ile ile, na tiketi haikufika hata rupia hamsini kwa kichwa. Mimi nikirudi tena najua pesa yangu itakwenda wapi. Mama hakubaliani na mimi, na sababu yake nitaieleza.

Tulikuwa Kochi kwa ajili ya goti lake, kama Wazanzibari wengi wanaofuata matibabu India. Baina ya miadi ya kwanza na ya pili zikabaki siku tisa za kukaa chumbani tukitazama feni. Januari, jua zuri, mvua hakuna. Muuguzi mmoja akatwambia si vizuri kufika Kerala ukarudi bila kuona Alappuzha. Treni kutoka Ernakulam, stesheni ya Kochi, ni saa moja na ushei, na kituoni bajaji zimejipanga.

Nilidhani papasi, wale madalali wa kuwaandama wageni, tumewaacha Forodhani. Hatujateremka vizuri kwenye bajaji, tayari wanne wametuzunguka na simu mkononi, kila mmoja anaonesha picha za boti yake na kila mmoja anakwambia hapa ndipo Venice ya Mashariki. Sijafika Venice, siwezi kubisha. Nikafanya kosa ambalo nyumbani siku zote namcheka mgeni akilifanya: nikakubali kwa picha. Boti ya kwenye picha ilikuwa na sitaha mbili na mito ya rangi ya machungwa. Tuliyopelekwa ilikuwa ya sitaha moja, mito imepauka, na bomba la chooni linatiririka usiku kucha. Nilipouliza, nikaambiwa ile nyengine iko matengenezoni. Basi usilipe mpaka umeikanyaga boti yenyewe. Zimefungwa kwenye ziwa la Punnamada kwa mamia, huna haja ya haraka.

La pili la kujua ni saa. Unapanda saa sita mchana, unateremka saa tatu asubuhi. Ukisikia unadhani utatembea usiku na mchana, kumbe boti husimama kula chakula cha mchana, na ikifika saa kumi na moja na nusu jioni inafungwa kwenye mnazi mpaka asubuhi, kwa sababu baada ya hapo maji ni ya wavuvi na nyavu zao. Sheria hiyo naiunga mkono kabisa, ila papasi hakuitaja. Kiyoyozi nacho kinawashwa saa tatu usiku na kuzimwa saa kumi na mbili asubuhi. Mchana ni upepo wa Mungu.

Sasa sababu ya mama. Yeye ni mtu wa Jambiani, amekua akifukia makumbi pwani na kusokota kamba za usumba. Tulipopanda tu, mimi naangalia choo, yeye kainama ubavuni mwa boti anapapasa mbao kwa kidole. Akaniita. "Njoo uone. Hii haina msumari. Imeshonwa." Kweli, baina ya ubao na ubao ulipita mstari wa kamba ya usumba, mshono baada ya mshono, umepakwa kitu cheusi kama lami. Baharia akacheka, akakutanisha vidole viwili kama anayefunga fundo, akasema kettu, kettu. Boti hizi huitwa kettuvallam, yaani chombo cha kufungwa kwa kamba. Mbao zake ni za mti wa ukoo wa mfenesi, na ule weusi hutokana na maganda ya korosho yaliyochemshwa. Zamani zilikuwa zikibeba mpunga na viungo kupeleka Kochi. Barabara na malori vilipokuja zikakosa kazi, ndipo zikaezekwa, zikatiwa vitanda, zikapewa wageni.

Mama akakaa chini pale pale na goti lake lile. Mtepe! Chombo cha kwetu cha zamani, nacho cha kushonwa kwa kamba. Yeye aliwasikia wazee wake wakiusimulia, mimi nauona mara ya mwisho ulikuwa ule uliowekwa ndani ya Beit el Ajaib, jumba la makumbusho mjini Zanzibar, kabla sehemu ya jengo haijaporomoka mwaka 2020. Mnazi ule ule, kamba ile ile, ufundi wa kushona ule ule, na baharini katikati kusi na kaskazi zikipeleka watu na kurudisha. Mtu kulala juu ya chombo cha namna hiyo, asema mama, rupia elfu tisa si kitu. Nikanyamaza.

Chakula sina lawama. Mpishi aliuliza mapema kama tunakula nyama, tukamwambia samaki tu. Akatuletea karimeen, samaki wa ukoo wa perege, kapakwa viungo, kafungwa kwenye jani la mgomba na kukaangwa humo humo. Mchuzi wa kamba ulikuwa wa tui zito, na wali wa punje nene nyekundu. Mama alimaliza sahani na kusema mkono wa huyu kijana umezidi bizari, lakini tui analijua. Wanakuuzia pia tembo la mnazi ukitaka. Hatukutaka.

Kilichonishangaza zaidi ni mashamba. Kuttanad, nchi ya mpunga ambayo boti zinaizunguka, iko chini ya usawa wa bahari, pahala pengine mita mbili au zaidi. Umekaa kitini juu ya maji, unageuka pembeni, shamba liko chini yako. Mfereji uko juu, tuta la udongo katikati, mpunga na nyumba kule chini, na pampu inatapika maji kutoka shambani kuyarudisha mferejini. Mama akauliza tuta likivunjika je? Baharia akajibu kwa neno moja, 2018, mwaka wa mafuriko makubwa ya Kerala, akaonesha kwa mkono maji yalipofika kwenye ukuta wa nyumba moja: juu ya dirisha.

Maji yenyewe si masafi. Juu pana utando wa mafuta ya injini, na kwenye kona magugu maji yamejazana hadi boti ndogo inasukumwa kwa upondo. Kaskazini, Thannermukkom, pana kizuizi kinachofungwa miezi ya kiangazi ili chumvi ya bahari isiingie kwenye mpunga, na maji yakishafungwa hayasukwisukwi tena, gugu linapata raha. Tena mamia ya boti kama yetu zinapita humo humo, siwezi kujitoa.

Tulipofungwa jioni mama akaswali magharibi sitahani. Mchana kutwa kibla kilikuwa kinamzunguka, kila kona ya mfereji simu inaonesha upande mwengine, akaamua kuswali kwa kukadiria. Jioni chombo kimetulia, kibla kimetulia, na ng'ambo ya maji adhana ikasikika, kisha kengele ya kanisa, kisha nyimbo za hekalu kwenye spika. Zote ndani ya robo saa.

Asubuhi tukateremka, na ndipo tulipopanda boti ya idara ya usafiri wa maji ya jimbo, kutoka gati la mjini karibu na stendi ya mabasi mpaka Kottayam. Viti vya mbao, madirisha wazi. Inasimama kila kijigati: mwanafunzi na mkoba, mama na ndoo ya samaki, mzee na mtungi wa gesi. Inapita karibu na vibaraza vya watu kiasi cha kuona kilichoanikwa. Kwenye kijiji kimoja tuliona banda refu mno limefungwa kufuli, na abiria mwenzetu akatueleza kwamba ndani mmelala chundan vallam, mtumbwi wa mashindano, wapiga kasia zaidi ya mia na nyimbo zao. Mashindano makubwa, ya Kombe la Nehru, kwa kawaida huwa Agosti hapo Punnamada, na yalianza Nehru, waziri mkuu wa kwanza wa India, alipotembelea huku mwaka 1952. Ukipenda ngalawa zinaposhindana, pangia Agosti. Ukipenda goti la mama yako lisiloe mvua, njoo Januari kama sisi.

Na Januari ina la kwake. Tarehe 20 ni kilele cha sikukuu ya Mtakatifu Sebastian huko Arthunkal, kanisa la pwani kama kilomita ishirini na kitu kaskazini ya mji. Dereva wa bajaji, Mhindu, ndiye aliyetwambia twende, yeye mwenyewe alikuwa na nadhiri. Tulifika pamejaa, mchanga hauonekani kwa watu. Waumini wanabeba vishale vidogo vya chuma, maana mtakatifu huyo alipigwa mishale kwa ajili ya imani yake, na sanamu yake inabebwa kwa maandamano hadi ufukweni na kurudi. Lakini nilikodoa macho kwa wale wanaume waliovaa nguo nyeusi na shanga shingoni. Hao ni mahujaji wa Kihindu wanaotoka hekalu la Sabarimala milimani, na wengi huja kuvulia shanga zao hapa, kanisani. Wenyeji husimulia kwamba padri mmoja wa kale na mungu wao Ayyappan walikuwa marafiki. Hakuna aliyetuuliza sisi na buibui la mama tunafuata nini. Mwanamke mmoja alimpisha kiti chini ya turubai akampa maji, akamwita amma, yaani mama.

Angalizo kwa mwenye mgonjwa: kivuli ni haba, vyoo vina foleni ndefu, na kurudi jioni bajaji inadai mara mbili. Tuliondoka mapema, sanamu haijatoka.

Njiani tukasimama duka la mazulia ya usumba. Alappuzha ndiyo kazi yake tangu 1859, James Darragh alipofungua kiwanda cha kwanza hapa. Nikamwambia mama achague moja la mlangoni. Akalipindua, akafungua uzi mmoja pembeni, akausokota kwenye paja kama alivyokuwa akifanya Jambiani, akaunusa, akalirudisha rafuni.

"Ya mashine hii," akasema. "Muulize kama anayo ya mkono."

Alikuwa nayo, nyuma ya duka. Bei mara tatu. Mama akalipa bila kupatana.