Dokumentari za Marekani: Bando Lako Ulimwage Wapi?

Haya, karibuni tena. Leo mezani hakuna simu, hakuna spika, hakuna king'amuzi. Kuna daftari, chai ya rangi na macho mekundu, maana nimekesha. Mwezi uliopita nilichambua televisheni ya inchi 43, na mmoja wenu akaniandikia: "Kaka, televisheni tumeiona, sasa humo ndani tuangalie nini?" Akasema amechoka na tamthilia, anataka kuijua Marekani yenyewe, siyo ile ya magari kulipuka. Nikamwambia nipe muda. Muda wenyewe umekuwa wiki tano, na saa 30 na ushee za dokumentari za historia ya Marekani na maisha ya watu wake. Nyingine nimeangalia peke yangu usiku kwa sababu ya bando la usiku. Nyingine nimeangalia na mama, ambaye Kiingereza hakipandi, kwa hiyo mimi ndiye nilikuwa manukuu.

Tuanze na ile ambayo ukimuuliza mtu yeyote wa mambo haya ataitaja kabla hujamaliza swali. The Civil War, ya Ken Burns. Ilioneshwa Septemba 1990 kwenye PBS, ile televisheni ya umma ya Marekani, usiku 5 mfululizo. Sehemu 9, zaidi ya saa 11. Watu kama milioni 40 waliiangalia. Televisheni ya umma jamani, hakuna mpira, hakuna mieleka, ni picha za marehemu tu.

Na hapo ndipo ufundi wake ulipo. Vita ile ni ya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, majimbo ya kaskazini na ya kusini wakigombania utumwa, 1861 mpaka 1865, kamera za sinema hazikuwepo. Ulicho nacho ni picha za mgando, barua, shajara na magazeti. Burns akafanyaje? Akaichukua picha moja ya askari, kamera ikaanza kwenye buti, ikapanda taratibu kwenye mkono ulioshika bunduki, ikafika usoni ikatulia. Wewe umekaa unamtazama kijana aliyekufa zaidi ya miaka 150 iliyopita, na yeye anakutazama. Nyuma kuna sauti ya David McCullough inasimulia kama babu asiye na haraka. Ujanja huo wa kuisogeza picha polepole ndio uleule uliomo kwenye programu za kuhariri video za Apple, na umeandikwa kwa jina lake kabisa, Ken Burns. Kwa hiyo video ya kichenpati ya dada yako, pale picha ya bibi harusi akiwa darasa la pili inapokuja polepole huku mashangazi wanalia, ujue mnamwazima huyu bwana.

Mwisho wa sehemu ya kwanza kuna barua. Afisa mmoja wa Rhode Island, Sullivan Ballou, Julai 1861 anamwandikia mkewe Sarah kwamba huenda asirudi, na akifa atakuwa karibu naye hata kwenye upepo utakaomgusa shavu. Wiki moja baadaye akajeruhiwa kwenye mapigano ya Bull Run, naye akafa. Barua inasomwa, fidla inalia chini yake. Mimi sioni haya kuwaambia, nilisimamisha nikaenda kunywa maji. Halafu sasa niwape umbea. Ule wimbo wa fidla, Ashokan Farewell, ambao kila mtu anadhani askari waliupiga kambini, ulitungwa 1982 na Jay Ungar kwa huzuni ya kambi ya muziki ya New York kumaliza msimu wake. Hauna hata harufu ya vita. Lakini ukiusikia unaapa ni wa kale.

Sasa dosari, na kwangu siyo ndogo. Kila nikiangalia dokumentari ya historia najiuliza swali moja: maiki kashika nani? Humu anayeongea kuliko mtaalamu mwingine yeyote ni Shelby Foote, mwandishi mzee wa Memphis mwenye sauti tamu ya kusini, sauti kama asali ya moto. Anasimulia vita kana kwamba alikuwepo, huwezi kumchoka. Lakini msikilize anasema nini. Anasema vita ilitokea kwa sababu Wamarekani walishindwa kufanya kitu wanachokiweza sana, yaani kukaa chini na kupatana. Nikasimamisha tena, na safari hii siyo kwa machozi. Kupatana juu ya nini, mzee wangu? Sensa ya 1860 ilihesabu watumwa karibu milioni 4. Mtu anayeuzwa na mtu anayemuuza wanapatana vipi, kila mmoja ashuke bei?

Kuna mwanahistoria mwingine humo, Barbara Fields, mwanamke mweusi. Anapewa muda mchache sana ukilinganisha na Foote, lakini kila akitokea anaibeba sehemu nzima. Mwishoni anasema vita ile bado inapiganwa, na inaweza bado kushindwa. Mimi ningempa nusu ya dakika za mzee Foote. Frederick Douglass, mtumwa aliyetoroka akawa mpiganiaji wa kufuta utumwa, yumo, anasomwa na Morgan Freeman, na Lincoln, rais wa wakati ule, anasomwa na Sam Waterston, hapo sina neno. Ila watumwa wa kawaida, wale wa shambani, unawaona zaidi kwenye picha kuliko kuwasikia.

Na kuna jambo ambalo mimi kama mtu wa huku nililisubiri saa zote 11 sikulisikia. Bibi zetu wanaposema "merikani", wanazungumzia kitambaa. Kile kitambaa kizito cha pamba kisichotiwa rangi. Jina lile halikuanguka kutoka mbinguni. Pamba ilichumwa na watumwa wa kusini mwa Marekani, ikafumwa kwenye viwanda vya Massachusetts, ikapakiwa kwenye meli za Salem, ikaja Unguja, na kutoka hapo ikabebwa na misafara mpaka bara huko, ikitumika kama fedha. Seyyid Said alikuwa na mkataba wa biashara na Marekani tangu 1833. Vita ilipozuka pamba ikakatika, viwanda vikapunguza kasi, merikani ikaadimika Unguja, nguo za Waingereza na za India zikaingia nafasi yake. Kwa hiyo vita ile iligusa kiuno cha mtu aliyekuwa Tabora hana habari na Lincoln. Siwalaumu, Burns alikuwa anawaandalia Wamarekani. Lakini ukiiangalia ukiwa huku, ukiona tu picha ya shamba la pamba, ujue kile kitambaa kilikuwa njiani kuja kwenu.

Naweka hiyo pembeni. Sasa nije kwenye sababu ya kurekodi video hii.

Inaitwa Eyes on the Prize. Harakati za weusi wa Marekani kudai haki zao, kuanzia 1954. Sehemu 6 za kwanza zilitoka 1987, nyingine 8 zikafuata 1990. Aliyeitengeneza ni Henry Hampton, kwa kampuni yake ya Blackside ya Boston. Hampton alikuwa mtu mweusi aliyeugua polio utotoni, anatembea kwa shida, na 1965 alikuwepo Selma, Alabama, kwenye maandamano ya weusi kudai haki ya kupiga kura, kwa miguu yake hiyohiyo. Msimulizi ni Julian Bond, naye mtu wa harakati zenyewe, kwa hiyo hata sauti ya juu haikukodishwa.

Sheria ya Hampton ilikuwa rahisi na ngumu: anayeongea mbele ya kamera awe alikuwepo. Hakuna profesa wa kutueleza maana yake. Anakuja mama aliyesusia mabasi ya ubaguzi ya Montgomery akatembea kwa miguu zaidi ya mwaka. Anakuja mtoto, sasa mtu mzima, mmoja wa wale weusi 9 waliopita katikati ya umati wa watu wanaowatukana wakienda shule ya wazungu Little Rock 1957. Na anakuja mtu wa upande wa pili pia, kama Joseph Smitherman, meya wa Selma siku zile. Anaongea kwa utulivu, wala hakatizwi. Unajikuta unamsikiliza kwa makini kuliko ambavyo ungemsikiliza kama angezomewa.

Sehemu ya kwanza ndiyo niliangalia na mama. Inafika habari ya Emmett Till, mtoto wa miaka 14 kutoka Chicago, kaja likizo kwa ndugu zake Mississippi, Agosti 1955. Wazungu wakaja usiku wakamchukua, wakamuua. Mama yake akakataa jeneza lifungwe, akataka dunia imwone mwanawe walivyomfanya. Halafu inakuja kesi. Mose Wright, mume wa dada yake bibi wa huyo mtoto, mzee anayelima pamba kwenye shamba la mtu kwa kugawana mavuno, anasimama mahakamani na kunyoosha kidole: ni huyu hapa. Mtu mweusi, Mississippi, 1955, anamnyooshea kidole mzungu mbele ya wazungu 12 wa baraza la mahakama. Wakatoka kujadili, saa moja hivi wakarudi: hawana hatia. Miezi michache baadaye wale washitakiwa wawili wakakiri kwenye gazeti, tena kwa malipo, kwa sababu sheria haikuruhusu washitakiwe tena kwa kosa lile.

Nikawa namtafsiria mama haraka haraka. Akanishika mkono nisimamishe. Nikadhani analia. Akaniuliza, "Sasa huyo babu, baada ya kunyoosha kidole, usiku ule kalala wapi?"

Mimi nimesoma, nimechambua, nimeandika daftari zima, na hilo swali halikunijia. Nikatafuta. Mzee alihama Mississippi, akaenda kuishi upande wa Chicago. Yaani ushahidi wa dakika chache ulimgharimu makazi yake. Ndiyo maana nasema dokumentari hii ni nzuri: imemfikisha mtu asiyejua hata neno moja la Kiingereza mahali pa kuuliza swali sahihi.

Angalizo la mnunuzi. Picha za Till zimo, na hazifai watoto. Nyingine: hakikisha unachokipata ni kazi yenyewe, zote 14, siyo vipande. Miaka ya 1990 iliwahi kutoweka kabisa kwa sababu leseni za hakimiliki za picha za kumbukumbu zilikwisha muda, na kuzilipia upya ni fedha nyingi. Ikabidi zichangwe fedha ndipo ikarudi kwenye televisheni 2006. Fikiria, historia ya taifa imekaa kabatini kwa ajili ya risiti.

Ya tatu nitaipitia kidogo, maana sikuipata yote. An American Family, 1973, sehemu 12. Craig Gilbert alipeleka wapiga picha kwenye nyumba ya familia ya Loud, Santa Barbara, California, 1971, wakakaa nao miezi 7 wakirekodi saa kama 300. Baba, mama, watoto 5, bwawa la kuogelea. Hakuna vita, hakuna rais. Watu wanakunywa kahawa, wanabishana kuhusu gari. Ukiwa na papara utazima. Usizime, kwa sababu taratibu unagundua baba na mama hawaongei, wanapishana tu, na mwishowe mama, Pat, anamwambia mumewe atoke nyumbani, kamera ikiwepo. Mambo yote ya uhalisia mnayoangalia leo, ya watu kufungiwa nyumba moja wagombane, mzizi wake mmojawapo ni huu. Familia ililalamika kwamba uhariri uliwaonesha vibaya, na mimi nawaelewa: saa 300 kuwa saa 12, aliyechagua ndiye aliyeongea. Miaka mingi baadaye mtoto wao mkubwa, Lance, alifariki, na wazazi wale walioachana mbele ya nchi nzima wakarudi kuishi pamoja. Ya hapo hayamo kwenye zile sehemu 12.

Kama unataka fupi, kuna The Dust Bowl ya 2012, ya Burns huyuhuyu, sehemu 2, saa 4 tu. Vumbi la miaka ya 1930, wakulima walilima nyasi za uwanda wakazimaliza, ukame ukaja, upepo ukachukua udongo. Wazee waliokuwa watoto wakati huo wanasimulia wenyewe. Mtu yeyote wa Dodoma au Shinyanga hahitaji mkalimani humo. Inaonekana Burns naye alijifunza kumgawia maiki mwenye habari yake.

Gharama: kwenye simu, ubora wa kati, tenga gigabaiti moja hivi kwa saa. Manukuu ya Kiswahili mimi sikuyapata kwa hata moja, kwa hiyo ya Kiingereza yawashe, hasa kwa Eyes on the Prize, lafudhi za Mississippi zitakuchapa. Ukiwa na bando la moja tu, chukua hiyo, anza sehemu ya kwanza mpaka ya sita, daraja la Selma, pumzika hapo. The Civil War iweke kwa msimu wa mvua.

Haya, nazima kamera. Mama ananiita sebuleni, jana tuliishia Little Rock, anasema wale watoto 9 hawezi kuwaacha mlangoni.