Makatambuga ya kutembelea ufukweni baada ya dhoruba: yapi ya kununua, yapi ya kuacha

Dhoruba ikipita, pwani hujaa vitu vya ardhini. Pepo kali kama zile za Kimbunga Hidaya, kilichofika Mafia tarehe 4 Mei 2024, huezua mapaa, na bati likitupwa majini hurudi ufukweni na misumari yake. Ongeza chupa zilizovunjika, mbao za vyombo na nyavu, vyote vikiwa vimefunikwa na mafungu ya mwani. Kwa kutembea juu ya uchafu huo, makatambuga, yaani viatu vya mikanda vyenye soli ya tairi, tunayapa alama 8 kati ya 10.

Ndala hazifai kabisa. Soli ya sponji hupenywa na msumari wa bati bila shida, na kamba ya kati huchomoka mguu ukizama kwenye mchanga uliolegea. Gambuti huonekana salama, lakini wimbi likipanda juu ya shingo yake hujaa maji, na kulivua ukiwa umesimama kwenye mkondo ni hatari.

Ubora wa makatambuga unategemea tairi lenyewe. Mwombe fundi akuonyeshe ukingo wa soli pale kisu kilipopita. Ukiona nyuzi za nailoni, nunua. Ukiona vichwa vya waya, acha: maji ya chumvi huozesha waya, nao huanza kuchomoza na kukuchoma wewe mwenyewe. Tairi kipara nalo likatae, kwa sababu huteleza vibaya kwenye mawe yenye mwani mbichi. Unene wa sentimita moja au zaidi unatosha. Soli nene mno haipindi, na mguu huchoka upesi mchangani.

Kisha pitisha kiganja ndani ya soli. Ncha za misumari midogo inayoshika mikanda ziwe zimepindwa na kuzama kwenye mpira. Mikanda iliyopitishwa kwenye matundu ya soli ndipo ikapigiliwa hudumu kuliko ile iliyopigiliwa ubavuni tu, maana misumari hiyo hushika kutu na mkanda hung'oka ukiwa mbali na nyumbani. Mkanda wa kisigino ni lazima. Soli izidi mguu kwa upana wa kidole kimoja pande zote. Ukingo huo ndio unaokinga bati lililolala ubavu.

Alama mbili tumezikata kwa sababu ya vidole kuwa wazi. Yavuyavu, yule kiumbe wa baharini laini kama ute, akikwama mchangani huwasha hata akiwa amekufa, na makatambuga hayamzuii. Siku wanapotapakaa ufukweni, vaa raba za kufunga zenye soli ngumu. Fanya hivyo pia kwenye miamba yenye miiba myeusi ya baharini, kwani huingilia ubavuni. Wala soli ya tairi si chuma: msumari mrefu uliosimama wima, ukikanyagwa kwa uzito wote, unaweza kupita. Jeraha la namna hiyo lioshwe kwa maji mengi safi na sabuni, kisha uende kituo cha afya kwa ajili ya kinga ya pepopunda, hata kama tundu ni dogo.

Kiatu kizuri hakiondoi haja ya fimbo. Ichomeke kwenye fungu la mwani kabla ya kukanyaga, au lizunguke. Toka maji yanapokupwa, kama saa mbili kabla hayajafika mwisho, ili upate muda wa kurudi. Wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, maji hurudi kwa kasi. Tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa iwe imeondolewa, kwa kuwa upepo hutulia kabla ya mawimbi. Kaa mbali na kingo za mchanga zilizoliwa chini, juu yake na chini yake, kwani huporomoka ghafla.

Ukirudi, suuza makatambuga kwa maji yasiyo ya chumvi, hasa chini ya mikanda. Mchanga ukibaki hapo, safari ijayo utasugua ngozi hadi itoke malengelenge. Yaanike kivulini, na kila kichwa cha msumari ukipake tone la mafuta ya nazi.